Mama Zipu na herufi iliyoleta foleni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, jua linaingia dirishani kwa Mama Zipu. Halikai sana. Linapenya katikati ya kuta mbili za majirani, linaangaza kona ya meza kwa dakika arobaini hivi, kisha linakwenda zake kwa watu wenye madirisha makubwa.

Kwa hiyo fundi huyu hana muda wa salamu ndefu. Amepanda juu ya stuli, simu mkononi, mgongo umepinda. Mezani chini yake kuna begi la shule la bluu ambalo zipu yake ni kati ya zile kaidi: kichwa kinapita vizuri, lakini nyuma yake meno yanaachia.

"Usisogee," anasema. Haijulikani kama anamwambia mwandishi au begi.

Anapiga picha, anashuka, anavaa miwani. Koleo inabana kichwa cha zipu upande wa kulia kidogo, wa kushoto kidogo. Anasugua kipande cha mshumaa juu ya meno, anavuta. Zipu inafunga kutoka mwanzo hadi mwisho bila kulalamika. Stuli inapandwa tena, picha ya pili inapigwa, na jua bado lipo.

"Watu hawaamini maneno," anasema akifuta kioo cha simu kwa pindo la kanga. "Wanaamini picha mbili. Hii ilivyokuja, hii inavyoondoka."

Mama Zipu ana miaka hamsini na mbili. Jina hilo alipewa na wateja, na limemkaa hata mumewe, dereva wa lori ambaye wiki nyingi yuko safarini, humwita hivyo anapopiga simu nyumbani. Kazi yake ni moja tu: zipu. Za mabegi, majaketi, suruali, magauni, viti vya magari. Ukimpelekea sketi akupunguzie kiuno, atakuelekeza kwa fundi mwingine.

Cherehani anayoitumia ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Mzee yule alipokaribia kuaga dunia alikuwa na binti mmoja na mke wa mwanawe. Cherehani akamwachia mke wa mwanawe.

"Mimi niliachiwa mashuka mawili," anasema huyo binti, ambaye ni mpokeaji wagonjwa katika zahanati na leo yuko mapumzikoni, ameketi kitandani akimenya machungwa. "Sina kinyongo. Ila namkumbusha wifi yangu kila siku, asije akasahau."

"Kila siku," Mama Zipu anathibitisha. "Hata sikukuu hapumziki."

Kwa miaka kumi na moja cherehani hiyo ilikaa chini ya ngazi za jengo la maduka, hatua chache kutoka langoni. Hapo hakuhitaji kujitangaza. Watu walipita, zipu zao zilikuwa mbovu, basi. Siku nzuri alifunga zipu ishirini.

Kisha jengo likapata mmiliki mpya, likawekwa milango ya vioo, na mafundi wote waliokaa nje wakapewa wiki mbili. Mama Zipu alitafuta kona nyingine, akakuta kodi haishikiki. Akabeba cherehani hadi chumbani kwake, ghorofa ya pili, upande wa nyuma, mahali ambapo hata anayemdai angepata shida kufika.

Zipu ishirini kwa siku zikawa tatu. Siku nyingine haikuja hata moja. "Nilikuwa nasafisha cherehani ambayo haijachafuka," anasema. "Naitia mafuta, nafuta, naifunika. Baada ya saa moja naifunua tena. Iliniuma sana, sitaki kudanganya."

Alijiwekea mpaka: mwisho wa mwaka. Mambo yasipobadilika, angeuza cherehani na kurudi kufua nguo za watu, kazi aliyoifanya kabla ya kuolewa. Mnunuzi alikuwa tayari, fundi wa mapazia wa mtaa wa pili, ambaye alikuja mara mbili kuikagua, akaizungusha gurudumu na kuisifia mshono. Mara zote mbili Mama Zipu alimjibu jibu moja: "Siku nikifunga, utajua."

Wifi yake ndiye aliyekataa kukubali kirahisi. Alimchukulia simu janja iliyotumika, akamwekea WhatsApp, akamfungulia na ukurasa wa biashara. Mgawanyo wa kazi ulikuwa hivi: fundi anapiga picha, wifi anaandika maneno na kuziweka kwenye stetasi jioni akitoka zahanati.

Hapo vituko vilianza. Mteja mmoja aliuliza mbona picha ya begi lake haijaonekana. Mama Zipu akamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Subiri kidogo, namngoja wifi." Mteja, mtu mwema, akaandika: "Wifi ya ofisini kwetu ina nguvu sana, njoo utumie bure."

"Nilishtuka," anasema Mama Zipu. "Nikajiuliza, huyu anataka nimtumie dada wa mume wake kwa kazi gani?"

Maneno ya wifi nayo yalikuwa na harufu ya zahanati. "Je, zipu yako inakusumbua? Usiteseke kimya kimya! Wahi mapema upate huduma." Watu walisoma, wengine walicheka, wachache walikuja. Kwa miezi minne stetasi zile ziliongeza mabegi manne au matano kwa wiki. Ilikuwa afadhali, lakini haikutosha kuvuka mwaka.

Mwezi wa kumi, mwenye biashara ya kukodisha mahema alileta hema ambalo mafundi watatu walikuwa wamelikataa. Zipu ya mlango wake ilikuwa na urefu wa mita nne, kitambaa chake kimeraruka, meno yamejaa mchanga. Hema lilijaza chumba chote. Kwa siku tatu Mama Zipu alifumua, akasafisha, akashona upya, akala chakula chake kizingitini kwa kukosa pa kukaa.

Jumamosi mchana alivuta kichwa cha zipu kutoka chini hadi juu, na hakikukwama popote.

"Nilipiga kelele peke yangu," anasema. "Nilitaka dunia nzima ijue."

Lakini wifi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua, safari ya saa sita kwa basi. Basi Mama Zipu akajikaza kisabuni, akaamua kuandika stetasi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hema lilikuwa kubwa mno kuingia kwenye picha, na mwenye hema alikuwa amekwisha kulichukua. Fundi akapiga picha kilichobaki: meza tupu, koleo na mikasi vimerudishwa koponi, cherehani imefunikwa kitambaa chake cheupe. Chini akaandika, herufi kwa herufi:

"Hatimaye nimefunga. Haikuwa rahisi. Asanteni nyote."

Akazima simu, akalala. Siku tatu za hema zilikuwa zimemmaliza.

Kwa fundi zipu, kufunga ndiyo kazi yenyewe. Zipu mbovu haifungi, fundi anaifunga, analipwa. Lakini waliosoma hawakuwa mafundi zipu. Walichokiona ni cherehani iliyofunikwa kama maiti, na mama wa watu akiwaaga.

"Angeandika 'imefunga', tungelala salama," anasema wifi yake. "Herufi moja tu, wifi. Hiyo 'n' yako ilinitoa machozi mbele ya mkwe wangu."

"Zipu haikujifunga," Mama Zipu anajitetea. "Niliifunga mimi. Siku tatu."

Aliamshwa na mlango kugongwa. Nje alisimama mama mmoja wa jirani akiwa na mabegi mawili ya wanawe, pumzi juu juu. "Nilikuwa nasema kesho, kesho," alisema. "Nifanyie haya kwanza kabla hujaondoka." Mama Zipu, usingizi bado machoni, alidhani anaota. Alimuuliza aondoke kwenda wapi. Kabla hajajibiwa, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anapanda ngazi na sanduku la safari, na nyuma yake msichana mwenye gauni la harusi ya dada yake ndani ya mfuko.

Waliosoma walikuwa wamewaambia wengine, na saa kumi jioni foleni ilifika ghorofa ya chini. Kila mtu alikuwa na zipu aliyoivumilia mwaka mzima, na kila mtu alisema maneno ya pole. Mwingine alimletea sukari. "Kilo nzima," anakumbuka fundi. "Kama nimefiwa."

Alipoelewa kilichotokea, alitaka kucheka, na badala yake alilia. Hakuwahi kujua kwamba wapo watu wa kusikitika akiacha kazi. Chini ya ngazi za lile jengo walikuwa wakimpa begi huku wakitazama saa.

Katikati ya foleni hiyo akatokea fundi wa mapazia. Naye alikuwa na namba yake, naye aliona stetasi. Alikuja na mkokoteni, vijana wawili wa kubeba, kamba, na fedha mfukoni.

"Ulisema ukifunga nitajua," alimwambia. "Nimejua. Nimekuja."

Bei aliyoitaja ilikuwa juu ya ile ya mwanzo, na Mama Zipu hafichi kwamba aliifikiria. Mwisho wa mwaka ulikuwa umebaki miezi miwili na kidogo. Foleni ile ilikuwa imeletwa na kosa, na kosa haliwezi kulipa kodi kila mwezi.

Aliwasha simu kutazama saa, na ndipo ujumbe ukaanza kumiminika. Mmoja ulikuwa wa sauti, kutoka kwa wifi yake. Ulikuwa wa dakika mbili na nusu, na kwa hesabu ya Mama Zipu, nusu yake ni kamasi. Bado anao. Anamsikilizisha mwandishi huku mwenye sauti akijifanya kuhesabu mbegu za machungwa.

"Ungeniambia tu, wifi," sauti inasema. "Cherehani ya mama ningeinunua mimi. Hata kushona sijui. Ningeiweka tu ndani niwe naiona."

Kwa miaka yote ya utani wa mashuka mawili, jambo hilo alikuwa hajalisema.

Mama Zipu alirudisha simu mezani, akamgeukia fundi wa mapazia. Ndipo alipoona kwamba jaketi la mtu yule limeshikizwa kwa pini mbili. "Vua," alimwambia. Mwanamume akavua, asijue la kufanya. Mama Zipu akabana kichwa cha zipu, akasugua mshumaa, akamvisha tena na kuivuta mpaka kidevuni. "Hiyo bure, kwa ajili ya gharama ya mkokoteni. Cherehani siuzi."

Ngazi nzima ilipiga makofi. Fundi wa mapazia alikula kona akiwa amefungwa vizuri, na leo ni mmoja wa wanaomletea wateja.

Jumamosi ile na siku mbili zilizofuata alipokea kazi sitini na tatu. Baada ya hapo foleni ilipungua, kama alivyotegemea, lakini haikurudi ilikokuwa. Stetasi iliyokuwa ikitazamwa na watu arobaini na sita sasa inatazamwa na zaidi ya mia nne. Siku ya kawaida hupata zipu kumi na mbili hadi kumi na tano. Si ishirini za chini ya ngazi, ila mwaka aliojiwekea mpaka uliisha, na cherehani ipo palepale.

Kilichobadilika zaidi ni maneno. Wifi aliporudi safarini alitaka kuchukua tena kazi yake ya kuandika. Wateja wakakataa. Walitaka stetasi za fundi mwenyewe, zile zisizo na alama za mshangao: "Suruali ya mtu mkubwa. Sitamtaja." Au: "Zipu hii imekula sweta. Nimeitapisha." Mtaani wanazisoma kwa sauti na kuvunjika mbavu.

"Nimestaafishwa bila kiinua mgongo," wifi analalamika.

"Umebaki na ukaguzi," anajibiwa. "Unatazama hizo 'n' zangu."

Sasa Mama Zipu ana mpango. Chumba kidogo kinachotazama barabara, chini ya jengo analoishi, kitakuwa wazi katikati ya mwaka, na mwenye nyumba amekubali kumngojea. Anataka cherehani iwekwe mlangoni, ionekane na wapita njia. Simu haitaachwa, ila ana hamu ya kitu ambacho simu haijampa: mteja anayesimama kwa bahati, akaweka mguu juu ya kigoda, wakapiga soga zipu ikifungwa. Na anataka jua la kutosha, asipande stuli tena. "Magoti haya si ya juzi," anasema.

Kabla ya kuaga, mwandishi anakumbuka begi lake la kompyuta, ambalo zipu yake imekuwa ikimtesa tangu mwaka juzi. Mama Zipu analichukua bila kuuliza. Jua la dirishani limebaki kama upana wa kiganja. Anapanda stuli, anashuka, anabana, anasugua, anavuta, anapanda tena. Kisha anaketi na kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, midomo ikifuata herufi, na kabla ya kutuma anampa wifi yake simu aikague.

Wifi anafuta mikono, anasoma, hapunguzi wala haongezi kitu. Anabonyeza.

"Begi la mwandishi," stetasi inasema. "Nimefunga zipu. Mimi sijafunga."