Nilimkata maksi mama mkwe wangu bila kujua, akanijibu kwa gunia la maharage

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi huwa msomaji wa kimya humu, nacheka na nyuzi zenu huku nasahihisha madaftari. Leo naandika ya kwangu. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nimekosea.

Ni mkufunzi wa fasihi katika chuo kimoja cha ualimu huku Ngara. Kwetu ni Biharamulo, Nyarubungo, ila nimeolewa Mugoma. Mume wangu naye kazi yake iko Biharamulo, anarudi wikiendi. Yaani mimi nimehamia kwao, yeye kahamia kwetu. Ndoa za wafanyakazi hizo, tuzoee tu.

Nilipoolewa, Kihangaza changu kilikuwa cha salamu na kuomba maji. Nyumba ikijaa wageni nilikuwa najificha jikoni.

Mama mkwe aliona. Hakuniuliza kitu. Aliweka ungo wa maharage katikati yetu, akaanza kuchambua, akaanza na kunisimulia hadithi. Kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa ajili yangu tu.

Sasa kwa huyu mama, urefu wa hadithi ni urefu wa maharage. Ungo ukianza, hadithi inaanza. Ungo ukiisha anasimama, anakung'uta kanga, hata kama sungura bado yuko mdomoni mwa fisi. Ukitaka kujua kama alipona, njoo siku nyingine kuna maharage.

Hivyo ndivyo nilivyompenda. Nasema wazi, nilimpenda yeye kabla sijazoea hata tabia za mwanawe.

Baadaye nikamzaa Neema, nikarudi masomoni, yeye akanilelea mtoto. Nikapata kazi chuoni, tukahamia nyumba za wakufunzi. Nikawa busy. Kila msimu alinitumia gunia la maharage yaliyochambuliwa, masafi kabisa, unamimina sufuriani bila kuangalia.

Nilishukuru kwa simu kila mara. Sikuwahi kujiuliza anachambua na nani.

Turudi kwenye mada.

Muhula uliopita niliwapa wanachuo assignment ya fasihi simulizi: nenda kwa mzee, rekodi hadithi moja, iandike kwa Kiswahili. Binti mmoja, nimwite Jenista, akaleta hadithi ya mama mmoja ambaye mke wa mwanawe alikwenda mtoni kuteka maji. Ng'ambo akaona mji mzuri, akavuka. Yule mama akawa anakwenda mtoni kila asubuhi kuyauliza maji kama yamemwona.

Ikaishia hapo. Puu.

Kwenye nafasi ya jina la fanani, yaani msimuliaji, aliandika "bibi mkulima, Mugoma".

Wakuu, kalamu nyekundu inalevya. Nikaandika: "Hadithi haina mwisho. Fanani hana jina. Rudi ukamalizie." Nikakata maksi nane kati ya ishirini. Mugoma nimeiona, lakini Mugoma ina mabibi wengi, na hadithi ile sikuwahi kuisikia.

Baada ya siku chache Jenista akaja ofisini, kanyong'onyea.

"Mwalimu, bibi amekataa kumalizia. Anasema maharage yaliisha."

Nikaweka kalamu chini.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwonyesha ulipoandika kwa nyekundu, nikamsomea. Akauliza mwalimu wako nani, nikamtajia. Akacheka kidogo. Akasema usimwandikie jina langu, ananijua."

Nilimruhusu aende. Nikafunga mlango, nikaisoma ile hadithi upya. Mke wa mwana. Mji mzuri ng'ambo. Miaka kumi nafundisha watu kutafuta maudhui, na yangu mwenyewe nimeyapiga mstari mwekundu.

Niliona aibu kumpigia. Nikasema nitaenda wikiendi. Wikiendi ikafika, nikapata kikao. Mnatujua.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, mume wangu akiwa ameshafika, shemeji yangu akaja na bodaboda, nyuma kafunga gunia kama kawaida. Nimelifungua nikakuta mawe. Maganda. Madongo ya udongo. Maharage hayajaguswa hata na upepo.

Mume wangu akasema, "Mama kazeeka, macho hayo."

Nikamwambia mama yako anaona kuliko sisi wote. Nikalia palepale, mkono uko ndani ya gunia.

Jumamosi nikalipakia lile gunia, nikalirudisha Mugoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini?"

"Maharage yako, mama. Yana mawe."

"Najua."

Nikapiga magoti, nikaanza kuomba msamaha. Akaniacha niseme mpaka niishiwe, kisha akauliza, "Ulinikata ngapi?"

"Nane, mama."

"Katika ngapi?"

"Ishirini."

"Basi nimebaki na kumi na mbili. Si haba, mimi shule niliishia la tatu."

Tulicheka mpaka kuku wakatoka uvunguni. Nilipotulia nikamuuliza kama yale maharage alituma kwa hasira.

"Hasira ya nini? Nimeona nikikupa masafi unapika. Nikasema nikupe machafu, utakuja."

Akaenda ndani, akarudi na ungo.

Tukachambua. Yule mama wa kwenye hadithi akaenda tena mtoni, maji yakamjibu yamemwona, amenenepa, ana viatu. Mimi nikawa naangalia ungo unavyopungua, roho inaniuma. Nilimjua, angesimama tu.

Basi alipogeuka kufukuza mbuzi, nikachota kiganja kutoka kwenye masafi nikakirudisha kwenye machafu, nikachanganya na maganda.

Akarudi, akakaa, akaokota punje moja safi kabisa, akaigeuzageuza.

"Mama Neema."

"Abee mama."

"Na mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo, zile siku zako za kwanza."

Akaitupa punje katikati ya takataka, akaendelea na hadithi.

Nilichojifunza ndugu zangu: mtu anaweza kukulisha miaka na bado ana njaa ya kukaa na wewe. Jenista nimemrudishia maksi zake nane na kumwomba radhi mbele ya darasa. Na assignment nimeibadilisha, sasa kila mwanachuo lazima aandike mikono ya msimuliaji ilikuwa inafanya kazi gani, na yeye alimsaidia wapi.

Karibuni mnipe yenu. Mama yako au mkweo husimulia akiwa anafanya nini? Nitawajibu siku za kazi. Jumamosi msinitafute, gunia bado halijafika nusu.