Simu ya Shahad

Bi Ghaliya hajapata kutia mguu Seoul, lakini wasafiri wengi wa mtaa wa Ansab, Maskati, waendao huko hupita kwanza sebuleni kwake. Huwapa kahawa na halwa, akawaeleza ada za watu wa kule: viatu vivuliwe mlangoni, kitu kipokewe kwa mikono miwili, kijiko kisisimamishwe kwenye wali, maana hivyo ndivyo wanavyowaandalia wafu wao. Yote kafunzwa na Shahad, mwanawe aliyekwenda kusoma huko, kwa jumbe za sauti alizompelekea huku akitafuna, huku akicheka.

Shahad alirudishwa Maskati ndani ya sanduku. Maradhi ya ghafla. Hilo Bi Ghaliya hawaambii wageni. Wakimuuliza husema tu, "Mwanangu yupo." Na simu ya marehemu ipo chumbani mwake, haijaachwa kuzimika hata siku moja.

Masouda, aliyehamia mtaani karibuni, alipokuwa akifunga safari ya Seoul na mumewe, aliomba namba ya Shahad. Kumnyima kungetaka maelezo. Akampa.

Asubuhi moja simu ile ikalia. Bi Ghaliya aliganda ukumbini. Ikanyamaza, ikalia tena. Akaingia chumbani mwa mwanawe, akaipokea.

"Shahad? Mimi Masouda, jirani yenu. Tumepotea huku kwenye vichochoro vya nyumba za kale!"

"Nnakusikia," alijibu, na sauti ilimtoka nyembamba, kama si yake.

Kwenye simu yake mwenyewe akafungua ujumbe wa sauti wa zamani: Shahad akipita mtaa uleule, akiieleza njia na kuyasifu mapaa yaliyopinda ncha. Bi Ghaliya akawa anamfuatisha neno kwa neno. "Teremkeni mpaka duka linalokodisha mavazi yao ya jadi. Hapo shikeni kushoto..."

"Nani huyo anacheka nyuma yako?"

Bi Ghaliya akakaa kitandani kwa mwanawe.

"Ndiye Shahad. Mimi mamake. Shahad kafariki, Masouda. Nimemzika mwenyewe, ila ulimi hautaki kulisema."

Alimsikia Masouda akimnong'oneza mumewe. Akangoja lawama.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Masouda. Kisha akauliza, "Bi Ghaliya, yeye alikuwa akipenda kula wapi?"

"Sokoni. Kwa bibi mmoja muuza uji wa maboga. Bibi huyo akimwita 'mjukuu wangu'."

Simu haikukatwa. Sikio la Bi Ghaliya likenda nao: magari, muziki wa madukani, sufuria zikigongana. Akasikia bakuli likitua mezani.

"Uko moto?" aliuliza. "Alisema huunguza ulimi."

"Unaunguza," alisema Masouda. "Lakini mtamu, mama."