Ndege wa Mguu Mmoja

Leo bibi yangu kanimaliza kwa maneno mawili tu.

Mnamkumbuka yule ndege niliyewapostia? Yule mwekundu wa mguu mmoja, niliyemtoa kwenye foronya aliyodarizi bibi enzi za usichana wake, kijijini Iyula. Nimemdarizi upya, mkubwa, kwenye kitambaa cha ukutani cha kupeleka maonyesho Vwawa.

Nikawaambia mguu mmoja ni ishara ya uvumilivu wa wanawake wa Mbozi. Mkanipigia na makofi.

Sasa leo bibi kaja Tunduma, kapita kwangu. Nikamtandazia kitambaa, nikamwuliza kwa heshima zote: "Bibi, huu mguu mmoja ulimaanisha nini?"

"Uzi uliisha."

Jamani!

Kumbe uzi mwekundu alikuwa anaagiza upande wa Zambia. Kabla haujafika, harusi ikafika. Na enzi hizo bibi harusi haendi kwa mume bila foronya alizodarizi mwenyewe. Ndege akaenda hivyo hivyo.

Nilitaka kulia. Nikatunga uzi mwekundu kwenye sindano, nikampa bibi amalizie mguu kwenye foronya yake, ili na mimi niongeze kwangu.

Akaishika sindano. Akamwangalia ndege wake weee. Akanirudishia.

"Muache. Mbona na huo mmoja kafika mpaka huku?"

Basi siongezi kitu, na sifumui. Vwawa tunaenda naye hivyo hivyo, na atakayeuliza maana yake nitamjibu kama bibi.

Haya, nichekeni. Mimi nashona.