Picha ya Ufa wa Fidla

Nilirudi Temeke kwa likizo kutoka chuoni Kampala, nikakuta fidla ya baba mdogo imepata ufa, mrefu kama kidole, chini ya nyuzi. Chama chetu cha taarabu hakikuwa na fidla nyingine, wala mpigaji mwingine. Jirani yetu seremala alikwisha kuandaa gundi na misumari midogo, alitaka kuifungua.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliniambia.

"Methali haikutaja msumari, mzee."

"Huko Kampala mnafundishwa ubishi?"

"Tunafundishwa kuuliza."

Baba mdogo alicheka, lakini hakuondoa macho kwenye ufa. Ikifunguliwa vibaya, sauti yake haitarudi. Nikamwambia kwamba mwalimu wangu anamjua fundi wa fidla huko Nairobi, Mzungu, anayeshauri watu kwa posta akiletewa picha. Kesho yake tukaifunga fidla kwa kanga, tukaenda mjini kwa Mhindi aliyepiga picha za harusi zote za mtaa wetu.

Akaipangusa, akaiketisha kitini mbele ya pazia lililochorwa bustani, akaweka maua kando. Nikamwuliza maua ya nini.

"Bwana mdogo, mgeni hapigwi picha kama mahabusu."

Baba mdogo naye akaulaza upinde vizuri, kama anayemtengenezea bibi harusi ushungi.

Picha zilitoka nzuri mno. Ufa haukuwamo. Mpiga picha alikuwa ameufuta kwa penseli kwenye filamu ya negativu, kama afutavyo makovu na chunusi za maharusi.

"Sijapata kumtoa mtu hapa na kidonda usoni," akasema kwa fahari.

Baba mdogo aliishika picha muda mrefu. "Labda si mkubwa kama tulivyodhani."

"Baba mdogo, iliyotibiwa ni karatasi."

Nikataka tupige nyingine uani. Niliigeuza fidla mpaka jua likaupiga ufa kwa ubavu, ukaonekana hadi unapoishia, nikaweka rula kando yake. Mpiga picha alifanya kazi hiyo amekunja uso, kisha akaniomba nisitaje studio yake.

Tulipofika posta, baba mdogo alitia bahashani na ile ya maua. Nilimwuliza sababu. "Daktari aijue na sura yake," akasema.

Jibu lilipokuja nikawasomea baba mdogo na seremala: ufa umefuata mistari ya mbao, haujafika penye kijiti cha ndani kinachopitisha sauti. Fidla isifunguliwe. Itiwe gundi ya ngozi, ya moto na nyepesi, bila msumari hata mmoja.

"Amejuaje, na hakuigusa?" seremala aliuliza.

Hata hivyo aliichemsha gundi, akaitia kwa unyoya wa kuku, akaibana fidla kwa vitambaa na kuiacha ikauke.

Siku ya kuifungua vitambaa, baba mdogo alivuta upinde mara moja, akavuta tena.

"Imerudi," akasema.

Seremala, aliyekuwa ameegemea mlango, akatukumbusha kwamba gundi ile aliichemsha yeye.