Siku Chaki Ilipofutwa Mashimoni

Kipaza sauti kilianza kusikika upande wa reli, kikikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, kikashuka polepole kuja kwetu Mashimoni, huku Kibera. "Watoto wote chini ya miaka mitano, matone ya polio, leo, nyumba kwa nyumba." Nilikuwa darasa la pili, kwa hivyo matone hayakuwa yangu. Lakini mdogo wangu Aoko alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na asubuhi hiyo Mama alikuwa ametoka naye kwenda kufua nguo za watu. Polio tuliijua kupitia Ouma, mtoto wa mama mdogo kule Kawangware. Ouma alinizidi akili na vichekesho, ila mguu wake mmoja ulining'inia kama mkono wa sweta usiovaliwa, na kila tulipotoka kumtembelea, Mama alimpapasa Aoko magoti njia nzima.

Manesi wawili walipita kwenye ploti yetu, vyumba vya mabati vya kupanga vyenye uwanja mmoja, wakawadondoshea watoto matone, wakawapaka wino wa zambarau kwenye kidole cha mwisho, kisha wakaandika kila mlango kwa chaki. Nyumba iliyomalizwa ilipata duara, ya kurudiwa ikapata msalaba. Wetu ulipata msalaba. Shida ni kwamba Kibera mlango ukiandikwa, watu hawafikirii dawa. Ng'ambo ya reli milango iliandikwa vivyo hivyo, na haikupita muda tingatinga likaja. Jirani yetu Mama Naliaka hakuwepo manesi walipopita. Aliporudi na sukuma wiki zake alisimama katikati ya ploti. "Nani ameruhusu hii kitu? Watu wanakuja kutubomolea na nyinyi mnaangalia tu?" Akaambiwa ni ya chanjo. "Hata wale wa ng'ambo walisema wanahesabu watu," akajibu, na tayari alikuwa analowesha tambara. Wengine nao hofu ikawaingia, wakachukua matambara yao. Kufikia saa saba milango yote ilikuwa inang'aa kama ya Krismasi.

Jioni manesi walirudi, wakazubaa mbele ya mabati safi, wasijue mlango upi ni wa kurudiwa. Mmoja alicheka hadi akajishika kiuno. Mwenzake hakucheka. Alikuwa anagusagusa kikasha chao cha buluu, akisema barafu inaisha, na ikiisha dawa haifai tena. Wakageuka waondoke. Nikawaambia kwetu kuna mtoto, yuko njiani, huku nikiomba Mungu isiwe uongo. "Ngojeni kidogo, sista," Mama Naliaka akasema, sauti imeshuka. "Hii makosa ni yangu."

Tuliisikia sauti ya Mama kabla hatujamwona, akisalimia watu wa kioski cha maji. Aliingia na beseni kichwani, Aoko amelala mgongoni ndani ya leso. Nesi akasema, "Haya, vidole juu." Watoto wadogo wa ploti nzima wakainua vidole vya zambarau, na mkono wa Aoko ukachomolewa kwenye leso ukiwa safi kabisa. Hapo ndipo kikasha kilipofunguliwa. Sikuwa nimewahi kuona barafu. Baridi ilinipiga usoni, jua bado linawaka, na kati ya vipande vilivyobaki, vinavyong'aa kama vioo, kulikuwa na kichupa kidogo kuliko kidole gumba changu. Matone mawili. Aoko akakunja uso, akalamba midomo, akalala tena. Nilitazama miguu yake ikining'inia nje ya leso, nikashangaa kitu kidogo vile kingejuaje njia, kutoka mdomoni hadi kule chini kwenye vidole. Mama alikuwa ameyashika magoti ya Aoko. Nesi akainua chaki, akasita, akamwangalia Mama Naliaka.

"Andika," akasema Mama Naliaka. "Andika kubwa."

Wakati wa korona tulienda kuchanjwa Kawangware, mimi, Aoko na Ouma. Barakoa zilitubana, na watu kwenye foleni walibishana kuhusu kilichomo ndani ya sindano. Huko hawakupaka mtu wino, ujumbe uliingia tu kwenye simu. Hata hivyo nilijikuta nakitazama kidole changu cha mwisho. Aoko alikuwa ametutangulia kwa zile hatua zake ndefu, avuke barabara amshikie Ouma nafasi kwenye foleni. Ouma akaegemea fimbo yake.

"Huyo naye," akaniambia, "hizo miguu zinakimbilia wapi?"

Tukabaki tumesimama pale, tukimwangalia Aoko akivuka.