Somo la Kuleta na Kupeleka

Kwa miaka kumi na tisa, katika shule moja ndogo ya kisiwani Fiji, somo la "bring" na "take" lilikuwa la mwalimu Asenaca, na mwingine asiliguse. Kifiji hutosheka na kitenzi kimoja kwa kuleta na kupeleka, kikiongezewa kijineno cha huku au kule, ndiyo maana watoto walichanganyikiwa. Yeye alitumia birika. Ukija nalo kwangu, "bring". Ukiondoka nalo, "take". Maneno yote mawili hayakamiliki mpaka utaje kitu chenyewe, na mambo yakishapita hubadilika sura: "brought", "took".

Basi akaja Apakuki, kijana wa Suva mwenye gitaa na tabasamu la kuudhi. Mwalimu mkuu akampa darasa la tano, lililokuwa la Asenaca, pamoja na somo hilo alifundishe siku ya wazazi. Asenaca akashushwa darasa la pili. Akamwonea wivu. Nani angemlaumu?

Siku moja kabla, Apakuki alimfuata.

"Shangazi, nataka watoto wapite na birika katikati ya wazazi. Kuna kitu nimesahau?"

Kilikuwepo. Wazee wakiketi mkekani, anayepita mbele yao huinama na kuomba radhi, "tilou". Mtoto akipita wima, aibu ni ya mwalimu wake. Kijana wa mjini hilo hakuliwaza.

"Hamna, mwanangu. Uko sawa kabisa."

Kesho yake Asenaca aliwahi kukaa mbele, asikose kuona. Msichana wa kwanza, Litia, akabeba birika, akainama mpaka magotini. "Tilou, tilou." Wa pili vivyo hivyo. Hata waliosema "take" mahali pa "bring" waliinama. Wazee wakapiga makofi mazito ya heshima, na chifu akamsifu Apakuki kwa kuwafunza Kiingereza pamoja na adabu.

"Adabu si yangu, mzee," Apakuki akasema. "Mimi ningewapitisha wima. Jana nilimuuliza shangazi kama nimesahau kitu, akaniambia niko sawa. Kumbe alishawafundisha zamani."

Makofi yakamgeukia Asenaca. Akainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Tangu Litia aliposhika birika, alikuwa akiomba moyoni watoto wake wasahau.