Vitabu vya Nyimbo vya Koko Naeku

Naeku ndiye mwenye funguo za kanisa letu hapa Kitengela. Watu wote humwita Koko, yaani nyanya, lakini ukiingia na viatu vya matope utasahau huo unyanya. Mimi amenifukuza mara mbili, nami ni mzee wa kanisa.

Tulipoamua kwamba kila Jumanne kanisa liwe kliniki ya watoto, nilitumwa mimi nimweleze. "Hii ni nyumba ya Mungu," alifoka, "si ya nepi!" Jumanne ya kwanza alikuja amekunja uso. Jumanne ya tatu nilimkuta amepakata mapacha, anawatemea mate ya baraka, mmoja akitafuna kamba ya funguo.

Kisha nesi Phylis akaleta habari mbaya. Wakubwa wake walitaka watoto wasiopungua arobaini kwa siku, la sivyo kliniki ihamishwe.

"Koko, mimi niko peke yangu kwa mizani," alisema. "Utanihesabia watoto wote wenye wanaingia."

"Watoto hawahesabiwi," Koko alijibu, akatoka nje.

Nilipandwa na hasira. Tupoteze kliniki kwa sababu ya mila? Nikamfuata nimkaripie. Hakuningoja nianze.

"Watu wa sensa walikuja kwangu. Nikawaambia niko na watoto watano. Mwaka haukuisha, Lemein wangu akaenda kwa Mungu."

Niliona haya, nikarudi ndani.

Jumanne iliyofuata alisimama mlangoni na vitabu vyetu vya nyimbo. Kila mtoto aliyeingia alipewa kimoja, hata wa wiki mbili. "Mkienda, kiacheni kwa benchi," aliwaambia akina mama, nao wakacheka, lakini nani wa kubishana na Koko?

Jioni alituita mimi na Phylis. "Vitabu vinahesabika," alisema, kisha akatupa mgongo akaanza kufagia.

Tulipita benchi kwa benchi. Vingine vilikuwa vimelowa mate, kimoja kimeliwa pembe.

"Arobaini na moja!" Phylis akapiga kelele. "Koko, tumebaki!"

Koko aliweka ufagio chini. Akaenda benchi la mbele, akachukua kitabu kilichokuwa hapo, kikavu, akakipangusa kwa leso yake.

"Hiki usiandike," alisema. "Ni cha Lemein."

Phylis akaandika arobaini.